Miti Miwili ya Lin

Kimalayalam, lugha ya kwao bibi harusi, hakikumsumbua Mize, mchora hina. Herufi za jina la bibi harusi huyo, Rasiya, zilijikunja kama vitamu vya jalebi, akazificha katikati ya maua kwenye kiganja cha kulia. Kazi ilikuwa kwenye jina la bwana harusi. Kichina kilikuwa vijiti vitupu, vimesimama kama uzio.

"Bwana harusi asipoliona jina lake humo, haingii ndani," alicheka Nabisa, shangazi yake Rasiya, pale mlangoni. "Na hata akiingia, mtaongea nini nyie?"

Rasiya aliinamisha uso.

Mize alikitazama kikaratasi ambacho Lin, bwana harusi, aliandikia jina lake. Aliona mti, na kando yake mti mwingine kama ule. Akadhani Lin alirudia tu kwa kuuzoeza mkono, akachora mmoja kwenye nafasi iliyobaki, chini ya kidole cha mwisho.

"Dada Mize, umemkata nusu!" Rasiya alishtuka. "Mmoja ni mti basi. Ikiwa miwili ndiyo Lin, yaani msitu."

"Makubwa! Kumbe jina lenyewe ni la kuhesabu miti?" alidakia Shangazi.

Kiganja kilikuwa kimejaa, na hina ikishashika haifutiki. Mize alivitazama viganja vyote viwili, kisha akauvuta mkono wa kushoto, akachora mti wa pili chini ya kidole cha mwisho.

"Hodi," Lin aliita nje kwa lafudhi ya Kichina.

Rasiya akainua viganja kama anayeomba dua, akavisogeza pamoja taratibu asiharibu hina mbichi, mpaka kati ya miti miwili ikabaki nafasi ya kupitisha karatasi tu.