Kinyaa cha Bernice

Siku hizi, kila Jumatatu, mtoto wa shule ya serikali anavalishwa kofia na kumiminiwa kichwani yote aliyosoma wiki nzima mtoto wa shule ya kulipia. Usawa, wanauita. Binti yangu Atupele alipangiwa kichwa cha Bernice, mtoto wa nyumba ninayofanyia kazi za ndani. Nikafurahi, mjinga mimi.

Kiingereza akawa anakitiririsha kama maji. Kisha jioni moja nikampakulia ugali na dagaa, akaziba pua.

"Nani anakula hivi vitu?"

"Wewe. Juzi ulilamba bakuli."

Akatazama mikono yangu iliyopauka kwa sabuni, akasogeza kiti mbali. Ule uso naujua, ni wa Bernice. Naufutia makombo kila siku.

Nikaenda shuleni. Mwalimu wake alinisikiliza huku anatabasamu.

"Kinyaa hakichujiki, mama. Kimeshikana na kujiamini. Tukikitoa, alama nazo zinashuka. Tukitoe?"

Nikasema kiacheni. Nilitamani kutema mate, ila sikujua nimtemee nani kama si mimi mwenyewe.

Jana nikampikia wali na kuku, chakula anachopenda Bernice. Akala, akamaliza, akanyoosha mkono wenye sahani pembeni bila kunitazama, akisubiri mtu aje kuichukua. Nilikusudia kumkaripia. Lakini nilikuwa nimeshainuka, nimeipokea kwa mikono miwili, nauliza kama ninavyouliza kazini:

"Umeshiba, Bernice?"

Mwanangu akajibu kwamba ameshiba.