Amri ya Daktari

Mguu mmoja wa Swaumu ulikuwa umeshavuka kizingiti cha mlango wa mbele, Bi Sikuzani alipomkamata mkono.

"Unakwenda wapi?"

"Kunyoosha miguu tu, mama."

"Uani kuna nafasi tele. Rudi."

Swaumu akarudi. Mkwewe alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na ushei, lakini mkono wake ulizoea jembe, na mtu aliyepasuliwa kifua hashindani na mkono wa namna hiyo.

Serikali ilikuwa imempeleka ng'ambo mwanzoni mwa Februari mwaka 1976, maana hapa nchini hakukuwa na wa kuifanya kazi ile. Nyama ya moyo wake ilinenepa mpaka ikaziba njia ya damu. Akipanda mlima na ndoo ya maji, macho yalikuwa yanaingia giza, anaanguka. Huko wakamkata mfupa wa kifua, wakaufungua moyo, wakaipunguza ile nyama, wakashona. Mfupa wakaufunga kwa waya. Muuguzi mmoja alimfundisha kwa ishara: tembea kila siku, leo hatua kumi, kesho ishirini.

Alirudi mwishoni mwa Machi akitegemea kumwona mumewe uwanja wa ndege. Hakumwona. Mbaraka alikuwa dereva wa malori ya Zambia, na Adamu, mdogo wake, alisema kaka yuko safarini. Tena Swaumu hakupelekwa nyumbani kwake Kongowe ya Kibaha. Alipelekwa Kisarawe kwa mkwewe, akapewa chumba cha ndani.

Hapo ndipo alipofungwa.

Bi Sikuzani alikuwa na barua ya daktari wa Dar, ameilaza chini ya godoro. Ilikuwa ya Kiingereza, na katika nyumba ile hakuna aliyejua Kiingereza, kwa hiyo barua ilisema lolote alilotaka Bi Sikuzani. Ilikataza kutoka nje. Ilikataza marashi, eti yanabana pumzi. Ilikataza wageni wa kiume kwa sababu ya vijidudu. Hata Adamu alimsalimu akiwa nje ya dirisha.

"Vijidudu vya wanaume tu?" Swaumu aliuliza. "Vya wanawake vimenisamehe?"

"Mimi nitajuaje? Barua ndiyo imesema."

"Barua yenyewe hujui kuisoma, mama. Imekuambiaje?"

Bi Sikuzani akainuka, akaenda kupuliza moto. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Kuni mbichi, alisema. Masika yale kuni za Bi Sikuzani hazikukauka hata siku moja.

Wiki zikapita. Mfupa ukaunga. Hatua kumi zikawa mia tano, zote za kuzunguka ua uleule, mkono ukipapasa makuti ya uzio. Mbaraka hakuja. Salamu zake zililetwa na Adamu, zilezile kila mara: yuko njiani, anakutakia afya. Adamu akishazisema, haraka anaondoka dirishani.

Siku moja jirani yao Zena, mwanamke mwenye mdomo mwepesi, alikuja kuomba chumvi.

"Ile nyumba yenu ya Kongowe wamepanga walimu sasa," alisema. "Vitanda vyenu nimeviona kwa Adamu, hata havijachakaa."

Bi Sikuzani akakohoa. Zena akakumbuka kwamba ameacha chungu motoni, akaondoka hata chumvi hakuchukua.

Swaumu akaona ameelewa yote. Mwanamume hatoi vitanda vyake kama hana pa kulala kwingine. Alipokuwa amelazwa ng'ambo kifua wazi, mwenzake alikuwa anaposa.

"Kaoa wapi?" alimwuliza mkwewe walipoketi kula. "Niambie tu. Moyo nimeshashonewa."

"Hajaoa."

"Basi hana haya. Mwanamume gani huyo, mkewe anapasuliwa kama samaki, yeye hata kuja kumchungulia hataki? Wewe ndiye uliyemzaa, mama. Ulimlea vibaya."

Bi Sikuzani akamega ugali, akautia mdomoni, akautafuna muda mrefu.

Jumatano moja ya Juni walikwenda kliniki. Daktari alimsikiliza Swaumu kifua na mgongo, akamwambia apumue, akamwambia tena.

"Umepona, dada. Pika, tembea, nenda unakotaka." Kisha akamgeukia Bi Sikuzani, sauti akaishusha. "Ile barua yangu sasa ichane, mama. Moyo wake una nguvu."

"Ahsante, mwanangu," alisema Bi Sikuzani.

Kesho yake asubuhi Swaumu alifunga nguo zake mbili katika kanga. Angekwenda Kongowe, akikosa huko angekwenda kuuliza kijiji cha Soga, angeuliza kila dereva mpaka ampate mtu wake, achukue talaka, akaanze maisha. Alipofika mlangoni alimkuta Bi Sikuzani amesimama katikati, ameshika miimo yote miwili.

"Nipishe, mama."

"Subiri siku nne."

"Daktari kaniruhusu. Umesikia kwa masikio yako."

"Nimesikia."

"Barua kasema uichane."

"Nimeshaichana."

"Basi nipishe. Sikupona ili nije kuozea ndani ya nyumba yako."

Akamsukuma. Mara ya kwanza katika maisha yake alimsukuma mtu mzima, na moyo haukumwuma hata kidogo. Bi Sikuzani aliyumba, akashika miimo tena.

"Siku nne hizi si za daktari," alisema. "Mbaraka tulimzika siku mbili baada ya ndege yako kuondoka. Jumatatu eda yako inakwisha."