Mlio Ndani ya Lori

Tangu nchi ijitoe kwenye jumuiya ya forodha ya kanda, wiki kadhaa zilizopita, lori lililobeba mayai ya kienyeji ya Kalunde lilikuwa limekwama mpakani, milango imefungwa kwa lakiri ya forodha. Mtaji wake wote ulikuwa humo. Asubuhi hiyo aligusa bati, likamuunguza. Kisha akasikia mlio.

"Masudi, hebu njoo usikilize."

Dereva aliweka sikio mlangoni, akaruka nyuma. "Dada, humu mna watu!"

"Watu gani? Ni vifaranga."

"Nani kayaatamia mayai?"

"Jua."

Ofisa wa forodha alikuja, akasikiliza, akafuta jasho. "Lakiri hii ni ya jumuiya, mama. Sina ruhusa tena ya kuikata. Ukiikata wewe, mzigo unakuwa wa magendo, na magendo tunachoma moto."

"Nisipoikata?"

Ofisa akatoa filimbi yake mfukoni.

Kalunde alichukua koleo la Masudi, akakata. Vifaranga walimwagika chini, weusi, wa kahawia, wa njano, mamia kwa mamia. Walipomwona, wote wakanyamaza.

Akarudi nyuma hatua moja. Nao wakasogea hatua moja.

"Usiwaangalie, watakudhani mama yao," Masudi alinong'ona.

Lakini walikuwa wake. Kalunde akainama, akapita chini ya kizuizi kuelekea ng'ambo, kwenye soko lake. Nyuma yake ardhi nzima ilimfuata, kimya, na ofisa alikuwa ameweka filimbi mdomoni bila kuipuliza.