Kope za Sikudhani

Siku hizi huruhusiwi kuingia kazini kama macho yako yanaonyesha uchovu. Mashine ya mlangoni hukurudisha nyumbani. Sikudhani, nesi wa Tanga, hakuwa na shida ya usingizi, ila alirithi kope nzito za mama yake. Aliporudishwa mara kadhaa, akaenda kuzipunguza kwa upasuaji.

Kazini alipokewa. Lakini vidonda vilipopona, makovu yaliivuta ngozi juu, na kope hazikufunga tena. Mumewe, Mbaraka, akahamia kulala sebuleni.

"Nikigeuka nakuona unaniangalia," alimwambia.

"Ninakuwa nimelala."

"Najua. Ndiyo maana siwezi."

Jumapili mchana Sikudhani alijilaza mkekani, macho yakimuwasha kwa ukavu. Binti yake mdogo, Mwanakombo, akaketi upande wa kichwa chake, akamshusha kope kwa vidole na kuzishikilia. Usingizi ukaanza kumchukua.

Mama yake Sikudhani alitokea mlangoni, akasimama.

"Toa mkono, mjukuu wangu," alisema taratibu. "Hivyo wanafanyiwa waliokufa."

Mtoto akasita.

"Usitoe, mwanangu," alisema Sikudhani. "Nataka kulala."