Chui Achagua Timu ya Barafuni

Zamani wanyama walipokuwa na taifa lao, Chui alijitangaza kuwa kocha wa timu ya taifa ya mpira wa magongo wa barafuni. Majaribio yalifanyika kileleni mwa mlima, kando ya ziwa lililoganda.

Wanyama walipanda wakitetemeka, na si kwa baridi tu. Chui hakumwambia yeyote aonyeshe anavyoteleza kwenye barafu. Alipita akiwabonyeza mapaja mmoja mmoja, huku akimeza mate.

"Wewe umepita," alimwambia Kondoo. "Na wewe, Ngiri. Digidigi, umekonda mno. Rudi kwenu."

Digidigi, mwoga kuliko wote, alimnong'oneza Kondoo, "Ndugu yangu, tangu lini mchezaji akachaguliwa kwa mnofu? Tukimbie!"

"Wivu tu huo," Kondoo akajibu. "Wewe umeachwa."

Digidigi akameza hofu, akasema kwa sauti, "Kocha, hawa hawajui kuteleza. Hebu waonyeshe kidogo."

Macho yote yakamgeukia Chui. Akaona aibu kukataa, akakanyaga barafu. Miguu minne ikaenda pande nne. Akaanguka kidevu chini, akaserereka hadi katikati ya ziwa, na kila alipoinuka alianguka tena.

"Sasa!" Digidigi akapiga kelele. Wote wakateremka mbio, roho mkononi, wakimburuta Kondoo aliyekuwa akilia kwamba ameshachaguliwa.

Kulipokucha, Kondoo hakuonekana. Alikuwa amepanda tena mlimani, peke yake, mwingine asije akamnyang'anya namba.