Kaburi la Miaka Ishirini

Barua ilitoka halmashauri ya mji mdogo wa Ujerumani, alikozikwa mwanawe Bi Zakiya, kijana aliyefariki akisoma huko. Binti yake aliisoma polepole, sebuleni kwao Sib, Omani.

"Mama, wanasema miaka ishirini imekwisha. Jiwe wataling'oa, na mahali pake azikwe mtu mwengine."

Bi Zakiya akaguna.

"Mji wenyewe kanisa moja na duka la mikate! Siku ya maziko meya wao kanishika mkono, kanambia huyu ni mtoto wetu sote. Kumbe wamempangisha?"

"Ndiyo sheria yao, mama. Tukiridhia, tutie alama hapa."

Akaipokea karatasi. Ilikuwa nzito na laini, nzuri kuliko hati ya ndoa yake. Kisanduku cha kutilia alama kilikuwa kidogo kama punje ya mchele.

"Wameona haya," alisema, "ndiyo wakakifanya kidogo hivi."

Akaikunja mara nne, akaikalia.

"Waandikie. Wasimguse na makoleo yao. Nnakwenda kumchukua mwenyewe."

"Mama, magoti yako! Na ndege hujapanda miaka."

Lakini Bi Zakiya alikwishainuka, anafungua kabati, anatafuta pasipoti.