Jina Lililoshikiliwa

Wamama wenzangu wa biashara, msisajili kwa jina mnaloitwa nyumbani. Mimi nilisajili "Mama", maana wateja wote wa chakula changu waliniita hivyo.

Mwezi ule kiwanda ninachokipikia kilichelewa kunilipa, na kodi ikanikuta sina kitu. Sheria mnaijua: ukichelewesha kodi, jina la biashara linashikiliwa, na hakuna kinywa kinachoweza kukuita kwa jina hilo mpaka ulipe. Nikampigia simu afisa wa kodi.

"Ungeomba mapema kulipa kidogo kidogo, tungekukubalia," akasema. "Mbona ulinyamaza?"

"Niliona haya, baba. Kiwanda kinasema kitanilipa baada ya wiki tatu."

"Basi vumilia, bibie. Wiki tatu si nyingi."

Mwanangu Siwema ana miaka mitatu. Siku ya kwanza alifungua mdomo kuniita, sauti haikutoka, akalia sana. Siku ya pili alinivuta kanga. Baadaye akaacha kabisa, akawa anacheza peke yake kibarazani.

Alhamisi ya wiki ya tatu kiwanda kikalipa, nami nikalipa kodi yote. Jina likarudi, wateja wakaniita mpaka nikachoka. Nikaenda kumpigia magoti mwanangu.

"Siwema, niite sasa. Linatoka."

Akanitazama kwa adabu, kama anavyowatazama wageni.

"Shikamoo," akasema.